Archibald McIndoe, daktari wa nyuso zilizoungua



Ukurasa huu wa wasifu umezoea kuwatembelea maimamu wa fiqhi, wapokezi wa hadithi na matabibu wa Andalusia. Safari hii tunamtembelea mtu ambaye hakuwa Muislamu, aliyezaliwa mbali kabisa na miji yetu, na ambaye baadhi ya mwenendo wake hatuwezi kuusifu. Tunaye hapa kwa sababu mbili. Kwanza, huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref, ina mkono wake. Pili, kila mwaka katika jumuiya yetu yanazuka mabishano kati ya ndugu wanaosoma tiba na biolojia na sisi wa masomo ya dini: je, inafaa kumkata panya au sungura akiwa hai ili mwanadamu apone? Maisha ya Archibald McIndoe yanalifikisha swali hilo mahali ambapo halijibiki kwa neno moja.

Kabla ya kufika kwake, tukumbuke jambo ambalo wengi wetu tulilisoma haraka katika mlango wa mavazi na mapambo. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikaanza kutoa harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza avae pua ya dhahabu, ilhali tunajua hukumu ya dhahabu kwa mwanamume. Habari hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Mwanafunzi wa fiqhi huitumia kuonyesha ruhusa ya dhahabu wakati wa haja. Mimi naona imebeba jambo jingine pia: kwamba uso uliopotea una haki ya kurudishiwa sura, na kwamba si kiburi mtu kuona haya kutoka nje bila pua. Dini iliyokataza kumpiga mtu usoni, na hata kumtia mnyama chapa ya moto usoni, haiwezi kuona uso kuwa jambo dogo.

McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 huko Dunedin, mji wa kusini mwa New Zealand. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha kupiga chapa, mama yake Mabel Hill alikuwa mchoraji anayejulikana nchini mwake. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya Waikato, na mwaka 1924 akapata nafasi ya masomo katika kliniki ya Mayo, Marekani. Nafasi ile ilikuwa ya mtu asiye na mke. Yeye alikuwa ameoa karibuni, basi ndoa ikafichwa na akasafiri peke yake; mke wake Adonia alimfuata baada ya mwaka hivi.

Kule Mayo hakushika uso wa mtu. Alipewa kazi ya kuchunguza ini la maiti. Utafiti aliouchapisha mwaka 1927 pamoja na mwenzake, na mwingine wa mwaka 1928 juu ya ini lililosinyaa kwa maradhi, ulihusu njia za damu. Kazi ya namna hiyo hufanywa hivi: mishipa hujazwa dawa ya majimaji ambayo hukauka na kuwa ngumu, kisha nyama yote huyeyushwa kwa asidi, na kinachobaki mezani ni mti wa mishipa peke yake, na matawi na vitawi vyake, bila kiungo kilichokuwa kikiubeba. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu kijana huyu aliona kwa macho yake kwamba kila kiungo ni bustani inayomwagiliwa kwa mifereji maalumu, na mfereji ukiziba, upande wake wa bustani hukauka. Baadaye alifanya kazi miaka mingi kwenye ngozi, ambako ramani ya mifereji ilikuwa bado haijulikani kwa wapasuaji.

Mwaka 1930 alihamia London akiwa ameahidiwa kazi. Kazi haikuwepo. Alikuwa na mke na mtoto, na pesa zilikuwa zikiisha. Aliyemwokoa ni binamu yake Harold Gillies, naye mzaliwa wa Dunedin, ambaye katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa ameshughulikia maelfu ya askari waliopasuliwa nyuso kwa vipande vya mabomu. Gillies alimchukua katika kliniki yake na kumfundisha ufundi ambao wakati huo wapasuaji wengi waliudharau, wakiuona kama kazi ya kurembesha matajiri. McIndoe alipata pia kazi katika Hospitali ya Magonjwa ya Tropiki na kufundisha katika chuo kinachohusika na maradhi hayo. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, wapasuaji wa fani hii waliobobea Uingereza nzima walikuwa wanne tu, na watatu kati yao walitoka New Zealand.

Yeye alipelekwa kwenye hospitali ndogo ya Queen Victoria, mjini East Grinstead, kusini mwa London, awe daktari wa Jeshi la Anga.

Majira ya joto ya mwaka 1940 wagonjwa walianza kuletwa kwa wingi. Ndege za kivita za wakati ule, hasa Hurricane, zilikuwa na tangi la mafuta karibu sana na rubani. Likipigwa risasi, moto ulimrukia usoni na mikononi kwa sekunde chache kabla hajaruka na mwavuli. Wengi walikuwa na miaka 20 au 22, rika letu sisi tunaosoma gazeti hili. Kope ziliondoka, midomo ikaondoka, pua na masikio vikabaki vijipande, vidole vikajikunja kama makucha.

Dawa ya moto iliyotumika wakati ule ilikuwa asidi ya taniki, ile ile inayotumika kulainisha ngozi za ng'ombe viwandani. Ilikauka juu ya jeraha ikawa gamba gumu. Kwenye mguu au mgongo yaweza kuvumilika, lakini kwenye kope gamba lile lilivuta nyama mpaka jicho likabaki wazi usiku na mchana, na kwenye vidole lilifunga viungo visinyooke tena. McIndoe alitazama na kulinganisha. Marubani waliodondokea baharini majeraha yao yalikuwa laini na safi kuliko ya wale walioangukia nchi kavu. Akaacha taniki, akawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na akapigana na wakubwa mpaka taniki ikaachwa kutumika kwa nyuso na mikono. Sipati mfano bora zaidi wa mtu kutazama alichokiona kila mtu na kukiuliza swali.

Jeraha likishasafika, ndipo kazi ya kujenga ilipoanza, na hapa inabidi tuingie kidogo katika ufundi.

Kuna njia mbili za kuhamisha ngozi ya mtu. Ya kwanza ni kiraka: kipande chembamba hukatwa moja kwa moja kutoka pajani au ndani ya mkono na kubandikwa juu ya jeraha. Kiraka hakina damu yake, huishi kwa kunyonya kutoka chini mpaka mishipa mipya imwingilie. Kwa hiyo lazima kiwe chembamba, na lazima kiwe cha mgonjwa mwenyewe. Ngozi ya mtu mwingine hukauka na kung'oka, na sababu yake ilianza kueleweka vita hivyo hivyo, Peter Medawar alipohamisha ngozi kati ya sungura mmoja na mwingine na kuona kwamba ni mwili wenyewe unaoikataa ngozi ngeni.

Kiraka chembamba hakitoshi kutengeneza pua. Pua inahitaji ngozi nene yenye mafuta chini yake, na ngozi nene haiwezi kusubiri damu. Hapo huja njia ya pili, ambayo nitaiita ulimi wa ngozi. Daktari hukata pande tatu na kuacha upande wa nne ukiwa bado umeshikana na mwili. Upande huo ni shina lake, na damu hupitia humo. Ulimi huo huinuliwa, hugeuzwa na kushonwa mahali pengine. Wahindi wa kale walitengeneza pua hivyo, kwa ngozi ya paji la uso au ya shavu. Tatizo ni kwamba ulimi mrefu hufa nchani. Asubuhi ni mwekundu, jioni ncha ni ya bluu, baada ya siku chache ni nyeusi na inanuka, na mgonjwa amepoteza ngozi nzuri pamoja na tumaini.

Gillies alikuwa ametatua sehemu ya tatizo mwaka 1917 kwa mrija wa ngozi. Utepe wa ngozi huinuliwa tumboni au begani, ncha zote mbili zikibaki zimeshika, kisha kingo zake mbili hushonwa pamoja, ukawa mrija unaofanana na mkono wa sanduku. Baada ya wiki kadhaa ncha moja hukatwa na kupandikizwa kwenye kifundo cha mkono. Zinapita wiki nyingine mpaka mkono uanze kuulisha mrija. Ndipo ncha ya pili hukatwa kutoka tumboni, mkono huinuliwa mpaka usoni, na mrija hushonwa mahali pa pua. Mtu hukaa na mkono umefungwa usoni, analala hivyo, anakula hivyo, mpaka mishipa ya uso iukubali mrija. Kwa namna hiyo ngozi ya tumbo husafiri mpaka usoni kama konokono, kwa miezi. Wako marubani wa McIndoe waliopasuliwa mara 30 na zaidi.

Kwa nini taratibu hivyo? Kwa sababu hawakujua mishipa ilipopita. Walikuwa na kanuni ya kukadiria: urefu wa ulimi wa ngozi usizidi sana upana wa shina lake. Usoni, ambako damu ni nyingi, waliweza kuivuka kanuni hiyo; kifuani na mguuni hawakuthubutu. Walijua pia kwamba ukikata kingo leo na ukasubiri wiki mbili kabla ya kuinua, ulimi huishi zaidi, ingawa sababu yake hawakuijua. Kila wiki ya kusubiri iliyomkalia rubani mkono usoni ilikuwa bei ya kutojua.

Na kinachouma ni kwamba ramani ilikuwepo. Mwaka 1889, huko Strasbourg, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 23 hivi aitwaye Carl Manchot alichapisha kitabu cha ateri za ngozi ya mwanadamu. Alizifuata moja moja kwa kisu katika maiti, akagawa mwili mzima katika maeneo, kila eneo na mshipa wake. Mwaka 1936 Mfaransa Michel Salmon wa Marseille akaongeza picha za eksirei. Kimoja kiko kwa Kijerumani, kingine kwa Kifaransa, na wapasuaji wa Uingereza hawakuvitumia. Kitabu cha Manchot kilikuja kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1983. Sisi tunaosoma katika nchi ya lugha nne tunaweza kulipima hilo wenyewe.

Turudi wodini. Jina lake lilikuwa Wodi ya III, kibanda cha mbao kilichojengwa nje ya jengo kuu. Mwezi Julai 1941 wagonjwa wake waliunda klabu yao, wakaipa jina la mnyama wa maabara: simbilisi, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, ambaye huku kwetu waliosoma Kifaransa humwita kobayi. Walimaanisha kwamba wao ndio waliojaribiwa. Klabu ilianza na watu 39, na vita vilipokwisha ilikuwa na 649. Walimchagua mwekahazina aliyeungua miguu ili asiweze kutoroka na fedha, na katibu aliyeungua vidole ili asiandike mengi.

Utani huo una uchungu ndani yake. Wanasema wazi kwamba hawakuwa wakitibiwa kwa njia iliyokwisha thibitishwa. Lakini tofauti kati yao na kobayi wa kweli iko mahali pamoja, nayo ni kwamba waliulizwa. McIndoe alimkalisha kila mmoja na kumweleza atakalofanya na muda litakaochukua. Mgonjwa aliyetaka aliruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji na kutazama mwenzake akipasuliwa, ajue linalomsubiri. Aliondoa nguo za wagonjwa za kijeshi na kuwaacha wavae sare zao. Kuhusu vyeo, ofisa na askari wa kawaida walilala kitanda kwa kitanda. Ilikuwepo kanuni ya kumwondoa jeshini aliyekaa hospitali siku 90 bila kupona. Aliipinga mpaka ikaachwa, kwa kuwa pua peke yake ilihitaji siku zaidi ya hizo. Kisha alitoka akaenda kuzungumza na wenyeji wa East Grinstead, wenye nyumba na wenye maduka, wawakaribishe vijana wale na wasiwakodolee macho. Mji ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Tuliokulia Nyamirambo tunajua jinsi macho ya mtaa yanavyoweza kumfungia mtu ndani ya nyumba kuliko kufuli.

Yaliyobaki ya wodi ile nayasema bila kuyapamba. Pipa la bia lilikaa humo ndani, na klabu yenyewe ilianza kama kikao cha kunywa. Wauguzi wa kike walichaguliwa kwa sura, na walitarajiwa kuvumilia mikono na maneno ya wagonjwa kama sehemu ya dawa. Waandishi wa siku za karibuni wameonyesha kwamba si wote waliofurahia, na hawakuwa na pa kulalamikia. Heshima aliyowarudishia vijana wale sehemu yake ililipwa na wasichana wa rika lao. McIndoe mwenyewe alikuwa mkali, mwenye kujiamini kupita kiasi, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1953. Wanazuoni wetu wa jarhi na taadili walitufundisha kutaja sifa na kasoro za mpokezi pamoja. Sioni kwa nini daktari asitendewe hivyo.

Mwaka 1947 alipewa cheo cha heshima na Mfalme, akaitwa Sir Archibald. Alikuwa amechoka, mikono yake ikimsumbua, na alianza kuja Afrika Mashariki. Akashirikiana na wengine katika shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika ya wakati ule. Huku alikutana na majeraha aliyoyajua vizuri, ila yalikuwa ya watu wengine: watoto walioangukia moto wa mafiga, watu waliojeruhiwa na wanyama, midomo iliyozaliwa imepasuka. Majeraha yalikuwa ya zamani, yaliyopona vibaya, kidevu kimeshikana na kifua, kwa sababu hospitali ilikuwa mwendo wa siku kadhaa.

Nairobi alikuwepo daktari mpasuaji Mwingereza, Michael Wood, aliyekwenda East Grinstead kujifunza kwake. Wa tatu alikuwa kijana Mmarekani, Tom Rees, naye mwanafunzi wake. Mwaka 1956 watatu hao, chini ya Kilimanjaro, walikaa na kuchora mpango: kama mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, mpasuaji apande ndege ndogo amfuate. Mwaka 1957 huduma ikaanza rasmi, makao yake Nairobi. Wood alijifunza urubani na kuruka mwenyewe kwenda hospitali za misheni na za serikali vijijini, akipasua na kufundisha. Aliendelea na shirika lile karibu mpaka kifo chake mwaka 1987. Ndege zake bado zinaruka kutoka uwanja wa Wilson, na mwaka 2023 Amref iliwakutanisha watu wa afya wa bara zima katika mkutano wake mkuu hapa hapa Kigali. Sijui ni wangapi kati ya waliohudhuria walifahamu kwamba mzizi wake uko katika wodi ya marubani walioungua.

McIndoe alifariki usingizini London mwezi Aprili 1960, kabla ya kutimiza miaka 60. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Jeshi la Anga, St Clement Danes, heshima ambayo raia hawapewi. Mwaka uliofuata maabara ya utafiti yenye jina lake ilifunguliwa pale East Grinstead.

Na swali alilomwachia kila mwanafunzi wake lilikuwa bado wazi: kwa nini ncha ya ulimi wa ngozi hufa?

Jibu lilitoka migongoni mwa wanyama. Mwaka 1965 McFarlane na wenzake nchini Kanada waliinua ulimi wa ngozi mgongoni mwa panya, urefu sentimita 10 na upana 4, wakapima kila mara ni sehemu gani inakufa. Kipimo hicho, pamoja na marekebisho yake, kinatumika maabara nyingi mpaka leo. Lakini panya ana upungufu wake kama shahidi. Ngozi yake imelegea, inateleza juu ya mwili, na chini yake ina utando wa misuli ambao mwanadamu hana isipokuwa mabaki machache kama ule wa shingoni. Mishipa yake mikubwa hukimbia mbali sambamba na ngozi. Kwetu sisi ngozi imeshikana na kilicho chini, na mishipa mingi hupanda wima kupitia misuli. Mnyama ambaye ngozi yake inakaribia yetu kwa mpangilio huo ni nguruwe.

Ndiyo, nguruwe. Mwaka 1970 Stuart Milton wa Oxford alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. Alikata ndimi za ngozi za upana tofauti, nyembamba na pana, penye damu ya namna moja. Zote zilikufa kuanzia umbali ule ule. Kupanua shina hakukusaidia kitu, isipokuwa pale upana ulipoingiza mshipa mwingine ndani. Kanuni ya urefu kwa upana, ambayo Gillies na McIndoe waliifuata maisha yao yote, ilikuwa makosa. Linaloamua uhai wa ulimi wa ngozi ni mshipa gani umeingia shinani na unafika wapi. Mwaka 1973 McGregor na Morgan wa Glasgow walitofautisha ndimi zenye mshipa wake mkuu unaopita katikati kwa urefu, na zile zinazotegemea vijishipa vya kubahatisha. Mwaka huo huo, Melbourne, Taylor na Daniel walikata ngozi ya kinena pamoja na ateri na vena yake, wakaipeleka mguuni na kuunganisha mishipa hiyo chini ya hadubini. Safari ya miezi ya mrija wa ngozi ikawa kazi ya siku moja. Baadaye Taylor, kwa majaribio ya wanyama wakiwemo sungura, alionyesha pia siri ya ule usubiri wa wiki mbili: kati ya eneo la mshipa mmoja na la jirani kuna vijishipa vyembamba vilivyobanwa, na eneo moja likikatiwa damu, vijishipa hivyo hupanuka siku chache zifuatazo na kuwa njia.

Sasa mabishano yetu. Wako wanaosema elimu iliyopatikana kwa nguruwe ina doa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i nguruwe ni najisi nzito, na aliyeshika kwa unyevu ataosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo iko juu ya mkono ulioshika. Kujua kwamba ngozi huishi kwa mshipa wake na si kwa upana wake ni habari ya kweli kuhusu maumbile aliyoyaumba Allah (s.w.), na habari ya kweli haioshwi. Hoja nzito naiona upande mwingine, upande wa panya, sungura na nguruwe wenyewe. Mtume (s.a.w.) alimtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, na akakataza kumfanya chenye roho shabaha ya mishale. Ibn al-Nafis, aliyeieleza njia ya damu kupitia mapafu kabla ya kufariki Cairo mwaka 1288, aliandika kwamba sheria na huruma vilimzuia kupasua miili. Wanaotaka kuufunga mjadala kwa kusema mwanadamu ni bora kuliko mnyama wanaruka hatua: ubora huo unatupa ruhusa ya haja, pamoja na hesabu. Ikiwa jaribio limekwisha fanywa na jibu linajulikana, kumkata mnyama wa pili ili mwanafunzi apate alama tu ni jambo ambalo ndugu zetu wa maabara wanapaswa kulisimamisha na kuuliza. Ikiwa jibu halijulikani na mtoto aliyeungua na maji ya jiko la mkaa anasubiri, basi mnyama alazwe kwa ganzi kamili, wachache iwezekanavyo, na asiamke katika maumivu yasiyo na dawa.

Marubani wa East Grinstead walilipa gharama hiyo kwa miili yao, kwa ridhaa yao, na wakajiita kwa jina la mnyama ambaye hana ridhaa ya kutoa. Kwa hilo walielewa jambo ambalo vitabu vya maadili ya utafiti vilikuja kulieleza kwa kurasa nyingi.

Mrija wa ngozi leo ni nadra kuonekana. Mpasuaji anayetaka kuhamisha ngozi huchukua kifaa kidogo kama kalamu, kinachotumia mawimbi ya sauti, akakitembeza polepole juu ya paja la mgonjwa mpaka asikie mvumo wa damu unaopiga chini yake. Anatia alama ya msalaba kwa wino mahali hapo, anasogea kutafuta mwingine, na kisu bado kiko mezani.